Kuajiri wafanyakazi wa kigeni kwa muda mfupi: viza ipi, mwajiri nani, uanze lini

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. "Nina mafundi sita, kazi ya wiki tatu tu, wakiingia kwa viza ya biashara si inatosha?" "Wanachuma matunda miezi mitano kisha wanarudi kwao, kibali cha kazi cha nini?" "Kuna kampuni inasema itawaajiri kwa niaba yangu, basi mimi nimeshatoka kwenye lawama?" Nimeyajibu haya mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike mara moja, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama kazi ingekuwa yangu.

Mwongozo huu ni wako wewe mwajiri, au wewe ofisa rasilimali watu uliyetupiwa mzigo huu Ijumaa jioni huku mradi ukitakiwa kuanza mwezi ujao. Hauchukui nafasi ya wakili wa uhamiaji wa nchi unakopeleka watu. Utakusaidia umfikie ukiwa na maswali yenye kichwa na miguu, usije ukamlipa kwa saa akuulize vitu ambavyo ungekuwa umeshaviandaa.

Kosa la kwanza la karibu kila anayeniuliza ni kuanzia kwenye viza. Anzia kwenye kazi. Nani atafanya nini kwa mikono yake, wapi, kwa siku ngapi, chini ya amri ya nani, na mshahara unatoka mfuko upi? Ukiwa na majibu hayo matano, njia za viza zinabaki mbili au tatu. Usipokuwa nayo, utazunguka kwenye tovuti za balozi mpaka uchoke.

Viwe mkononi kabla hujaanza

- Maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwa vitenzi. "Kusaidia utekelezaji wa mradi" hakumwambii ofisa wa viza chochote. "Kufunga, kuwasha na kupima mashine mbili za kufungashia, kisha kuwafundisha waendeshaji wanne" kunamwambia yote.
- Tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kazi, pamoja na jibu la kweli la swali hili: kazi ikichelewa, itachelewa kwa kiasi gani?
- Orodha ya watu: uraia wa kila mmoja, nchi anayoishi sasa, tarehe pasipoti inapokwisha, na kama amewahi kunyimwa viza popote. Waulize waziwazi. Mtu akificha kwamba aliwahi kunyimwa, wewe ndiye utakayeshangaa dirishani.
- Kumbukumbu ya safari za kila mtu kwa miezi 12 iliyopita, siku kwa siku.
- Mkataba na mteja, au ushahidi mwingine kwamba kazi ipo na ni ya muda.
- Bajeti yenye ada za serikali, nauli, malazi, bima, tafsiri za vyeti, na mishahara ya siku ambazo watu watakaa wakisubiri.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusaini, anayepatikana. Nimeona maombi yakilala siku tisa kwa sababu mkurugenzi alikuwa safarini na hakumwachia mtu kalamu.

Hatua ya 1: Pambanua mgeni wa biashara na mfanyakazi

Katika nchi nyingi, mgeni wa biashara anaruhusiwa kuhudhuria mikutano, kujadili mkataba, kutembelea maonyesho, kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa. Akishika spana, akipanda ngazi na kuanza kuchomelea, au akifanya kitu ambacho mwenyeji angelipwa kukifanya, hiyo ni kazi. Hoja ya "lakini mshahara tunamlipia huku kwetu" haimuokoi. Ofisa wa uhamiaji anaangalia anachofanya mtu na anakokifanyia. Mahali mshahara unapolipwa ni sehemu tu ya picha.

Ipo milango midogo halali, na inafaa uijue kwa sababu inaweza kukuondolea miezi ya kusubiri. Marekani, mwenye viza ya B-1 anaweza kufunga, kuhudumia au kutengeneza mashine iliyouzwa na kampuni ya nje, ikiwa mkataba wa mauzo unamtaka muuzaji atoe huduma hiyo, fundi ana ujuzi mahususi, na halipwi mshahara kutoka chanzo cha Marekani. Hairuhusiwi kwa kazi ya ujenzi ya mikono. Hapo anaweza kusimamia au kufundisha, basi. Uingereza nayo inawaruhusu wafanyakazi wa mtengenezaji au msambazaji wa nje kufunga, kufungua, kukarabati au kushauri kuhusu vifaa, iwapo kuna mkataba wa kununua, kusambaza au kukodisha vifaa hivyo na kampuni ya huko. Canada ina msamaha wake kwa wataalamu wa ngazi za juu: siku 15 mfululizo mara moja katika miezi 6, au siku 30 mara moja katika miezi 12, bila kibali cha kazi.

Utaona milango miwili ya kwanza imeegemea mkataba wa mauzo. Kwa hiyo kifungu cha kufunga na kuhudumia mashine kiandikwe siku ya kuuza. Ukikiongeza wiki moja kabla ya safari, tarehe ya marekebisho itaonekana, na ofisa naye si mtoto.

*Tahadhari.* Barua ya mwaliko isipishane na mzigo. Niliwahi kushuhudia kundi la mafundi likirudishwa kutoka uwanja wa ndege kwa sababu barua yao ilisema "mazungumzo na wateja" wakati mabegi yamejaa helmeti za kuchomelea na glovu za ngozi. Ukweli ulikuwa kwamba kazi yao ingeweza kabisa kuombewa kibali. Aliyeandika barua ndiye aliyeona njia ya mkato ni fupi.

Hatua ya 2: Hesabu siku, na uzihesabu upya

Eneo la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi, lina kanuni ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Neno "zozote" ndilo linalowaponza watu. Hesabu haianzi upya Januari, wala haianzi upya mtu akitoka na kurudi. Kila siku unapokuwa ndani, unatazama nyuma siku 180 na kujumlisha. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa.

Chukua fundi aliyeingia tarehe 1 ya Februari yenye siku 28, akatoka tarehe 1 Aprili. Ametumia siku 60. Unataka arudi tarehe 1 Juni kwa siku 45. Haiwezekani: amebakiwa na 30, na siku zake za Februari hazianzi kudondoka kwenye hesabu mpaka mwisho wa Julai. Siku yake ya mwisho ya kuwa ndani ni 30 Juni. Tangu Oktoba 2025 mfumo wa kielektroniki umeanza kurekodi kuingia na kutoka, kwa hiyo zile hadithi za muhuri uliofifia zimekwisha.

Na viza ya Schengen peke yake haimpi mtu haki ya kufanya kazi. Inamruhusu kuingia, ruhusa ya kazi hutolewa na nchi husika kwa sheria zake. Kazi ambayo Ubelgiji haihitaji kibali kwa siku chache, jirani yake anaweza kuidai kibali tangu saa ya kwanza. Usihamishe jibu la nchi moja kwenda nyingine.

Hatua ya 3: Amua nani atakuwa mwajiri

Hapa ndipo penye uzito kuliko hata viza yenyewe, na ndipo watu wanapopita mbio.

*Kumtuma mfanyakazi wako mwenyewe.* Anabaki kwenye orodha yako ya mishahara, unampeleka kwa mteja au kwenye tawi, anarudi. Ni njia safi kwa kazi za kiufundi. Ndani ya Umoja wa Ulaya ina sheria zake: Maelekezo ya 96/71 ya mwaka 1996, yaliyorekebishwa mwaka 2018, yanakulazimisha umlipe aliyetumwa ujira wa nchi anakofanya kazi, pamoja na posho za lazima za huko. Zaidi ya miezi 12, au 18 ukitoa taarifa yenye sababu, karibu masharti yote ya ajira ya nchi hiyo yanamhusu. Kuna pia taarifa ya kupeleka kwa mamlaka kabla ya kazi kuanza, na cheti cha A1 kinachoonyesha kwamba michango ya hifadhi ya jamii inaendelea kulipwa nyumbani, hadi miezi 24. Mwajiri wa ndani ya Umoja mwenye wafanyakazi raia wa nchi za nje aikumbuke hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 1994 katika kesi ya Vander Elst: aliyeajiriwa kihalali katika nchi moja mwanachama anaweza kutumwa nyingine kutoa huduma bila kuombewa kibali kipya cha kazi. Baadhi ya nchi bado zinataka viza au taarifa, lakini si kibali kamili.

*Kuajiri moja kwa moja.* Wewe una kampuni iliyosajiliwa kule, unaomba ruhusa, unawaleta. Mashamba, hoteli na viwanda vya samaki hufanya hivi. Lawama zote ni zako, na udhibiti wote pia.

*Wakala anayekodisha wafanyakazi.* Anawaajiri yeye, wanafanya kazi kwako. Kabla hujasaini, uliza mambo mawili: je, nchi hii inataka leseni, na je, inaruhusu raia wa kigeni kukodishwa? Ujerumani, kwa mfano, mfanyakazi wa kukodishwa hawezi kukaa kwa mteja mmoja zaidi ya miezi 18 kwa kanuni ya kawaida, na raia wa nje ya Umoja wa Ulaya anayehitaji idhini ya ofisi ya ajira ananyimwa idhini ikiwa ataenda kukodishwa. Uingereza ilianza kudai leseni kwa wanaopeleka vibarua kwenye kilimo, usindikaji wa chakula na uvunaji wa kombe baada ya wachuma kombe wasiopungua 21 kufa maji katika ghuba ya Morecambe, Uingereza, usiku wa Februari 5, 2004. Anayemtumia wakala asiye na leseni naye anatenda kosa. Kwa hiyo leseni usionyeshwe kwenye simu ya wakala. Itafute mwenyewe kwenye daftari la serikali.

*Kampuni ya kuajiri kwa niaba.* Hii ndiyo inayotangazwa sana siku hizi. Kampuni yenye usajili kule inamwandikia mtu mkataba, inamlipa, inakata kodi, na wewe unampangia kazi na kulipa ankara. Kwa mwenyeji au mtu ambaye tayari ana haki ya kufanya kazi, ni msaada mkubwa. Kwa anayehitaji viza, tulia kwanza. Mdhamini wa viza katika nchi nyingi anatakiwa awe mwajiri wa kweli, anayesimamia kazi. Kuna nchi ambazo mpangilio huu unatazamwa kama ukodishaji wa wafanyakazi tu, ukiwa na vizuizi vyake vyote. Ujerumani ni mojawapo. Waulize swali hili kwa maandishi: "Mmeshawahi kupata kibali cha aina hii, kwa raia wa nchi hii, katika miezi 12 iliyopita?" Jibu likija na maneno mengi kuliko namba, umeshajibiwa.

*Mkandarasi huru.* Anatoa ankara, anajilipia kodi. Kinachoamua si kichwa cha mkataba. Ukimpangia saa, ukampa vifaa, ukamkataza kumtuma mwenzake badala yake, basi huyo ni mwajiriwa hata kama karatasi inasema vingine. Na ankara haitoi haki ya kufanya kazi katika nchi ya watu.

Kuna na njia ya sita ambayo haina mauzo kwa hiyo hakuna anayeitangaza: usimhamishe mtu. Ipe kampuni ya kule kazi nzima kwa mkataba wa huduma, mtaalamu wako aelekeze kwa video. Kwa kazi ya siku nne, mara nyingi hii ndiyo nafuu.

Hatua ya 4: Tafuta njia iliyotengenezwa kwa kazi ya aina yako

Nchi zinazotegemea vibarua wa msimu zina milango maalumu. Usilazimishe watu kwenye viza ya kawaida ya kazi kabla hujaitazama hii.

- Marekani, kilimo: H-2A. Haina ukomo wa idadi kwa mwaka. Mwajiri anatoa nyumba bure kwa wasioweza kurudi makwao kila siku, milo mitatu au jiko, usafiri, na anahakikisha angalau robo tatu ya saa zilizoahidiwa kwenye mkataba.
- Marekani, kazi zisizo za kilimo: H-2B. Ukomo ni 66,000 kwa mwaka wa fedha, nusu kwa kazi zinazoanza Oktoba hadi Machi, nusu Aprili hadi Septemba. Hitaji lako lazima liwe la mara moja, la msimu, la kipindi cha kazi nyingi, au la vipindi vya hapa na pale. Kama kila mwaka unawahitaji miezi yote 12, huna hitaji la muda.
- Umoja wa Ulaya: Maelekezo ya 2014/36 kuhusu wafanyakazi wa msimu, yasiyoihusu Denmark wala Ireland. Kila nchi inachagua ukomo kati ya miezi 5 na 9 katika kila miezi 12. Kodi ya nyumba isizidi kiasi ukilinganisha na mshahara, na isikatwe moja kwa moja kwenye mshahara.
- Ujerumani: tangu Machi 2024 kuna njia ya ajira ya muda mfupi ya hadi miezi 8, kwa mgawo wa mwaka, kwa waajiri wanaofungwa na mikataba ya pamoja ya mishahara, ile inayojadiliwa na vyama vya wafanyakazi. Nauli ni ya mwajiri.
- Uingereza: viza ya mfanyakazi wa msimu, hasa kwa bustani na mashamba, hadi miezi 6. Shamba haliwezi kudhamini lenyewe. Ni lazima kupitia waendeshaji walioidhinishwa na serikali.
- Canada: mpango wa vibarua wa kilimo kutoka Mexico na nchi za Karibi, ulioanza mwaka 1966 na Jamaica, hadi miezi 8. Nje ya mpango huo, kazi nyingi hudai tathmini ya soko la ajira, LMIA, yenye ada ya dola 1,000 za Canada kwa kila nafasi. Ada hiyo mfanyakazi haidaiwi.
- New Zealand: mpango wa RSE, tangu 2007, kwa matunda na zabibu. Kwa kawaida miezi 7 katika kila 11.
- Australia: mpango wa PALM kwa watu wa visiwa vya Pasifiki na Timor-Leste, hadi miezi 9 kwa kazi za msimu, na viza namba 400 kwa mtaalamu wa kazi mahususi isiyoendelea, kwa kawaida hadi miezi 3.

Soma vigezo vya uraia mapema. Mipango kadhaa iko wazi kwa nchi chache tu, na hakuna barua nzuri itakayobadilisha hilo.

Hatua ya 5: Panga kalenda kinyumenyume

Weka kidole kwenye siku ya kwanza ya kazi, kisha rudi nyuma. Mfano wa H-2B: unataka watu tarehe 1 Aprili. Ombi la cheti cha ajira hupokelewa siku 75 hadi 90 kabla, yaani kati ya 1 na 16 Januari. Lakini ombi hilo linahitaji uamuzi wa mshahara stahiki, yaani kiwango ambacho serikali inasema kazi hiyo ilipwe mahali hapo, ambao uuombe angalau siku 60 kabla, kwa hiyo upo mwanzoni mwa Novemba au mapema zaidi. Baada ya cheti kuna fomu I-129 kwa idara ya uhamiaji, kisha ndipo wafanyakazi waende ubalozini. Na kwa sababu kila mtu anataka tarehe 1 Aprili, maombi ya siku tatu za kwanza za Januari hupangwa foleni kwa bahati nasibu. Ukiamka Februari, huna msimu.

Viza ya Schengen ni fupi zaidi: ombi lisipelekwe mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari wala chini ya siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15 kwa kawaida, hadi 45 ikibidi. Lakini siku hizo zinaanza ombi likishapokelewa, na kungoja miadi ya kulipeleka ndiko kunakokula wiki.

Ongeza wiki tatu za akiba. Utazitumia.

Hatua ya 6: Andaa nyaraka zinazosema jambo moja

Ofisa anasoma barua ya mwaliko, mkataba wa ajira, mkataba na mteja, fomu na tiketi, akitafuta mahali zinapopingana. Mfuate: zisome zote kwa mkupuo mmoja, kalamu mkononi, ukiangalia majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe, anwani ya kazi, cheo, na nani anagharimia nini. Ukurasa mmoja wa barua unatosha. Barua ya kurasa nne humpa msomaji nafasi nne za kushuku.

Pasipoti kwa Schengen iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kuondoka. Nchi nyingine nyingi hutaka 6. Bima ya safari ifikie euro 30,000. Kwa wanaobeba zana au vifaa vya maonyesho, tafuta karneti ya ATA, hati ya forodha inayokuruhusu kuingiza vifaa kwa muda bila ushuru, hadi mwaka mmoja. Watu wanapata viza, kisha zana zinakaa forodhani wiki mbili huku mafundi wakilipwa kutazama televisheni hotelini.

Hatua ya 7: Mfanyakazi asilipie kazi

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa pale nchi inaporuhusu mambo mahususi. H-2A na H-2B nazo zinakataza. Bado wachuma matunda hufika wakiwa na madeni ya msimu mzima, kwa sababu wakala wako mkubwa anamtumia wakala mdogo, naye ana mtu wake kijijini.

Andika marufuku hiyo kwenye mkataba wako na wakala. Kisha fanya kile ambacho wengi hawakifanyi: watu wakifika, kaa na kila mmoja peke yake, pamoja na mkalimani ambaye si wa wakala, umuulize alilipa nini na kwa nani. Akisema amelipa, mrudishie, halafu umdai wakala. Mkataba wa kazi uwe kwa lugha anayoisoma, na nakala abaki nayo kabla hajapanda ndege. Pasipoti akae nayo mwenyewe. "Tunamtunzia isipotee" ni maneno ambayo mkaguzi ameyasikia mara nyingi, na kuzuia hati za mtu ni moja ya dalili za kazi ya kulazimishwa.

Hatua ya 8: Kodi na michango

Watu wameshikilia siku 183 kana kwamba ni ngao. Katika mikataba ya kodi kati ya nchi na nchi inayofuata mfano wa OECD, shirika la nchi tajiri la ushirikiano wa kiuchumi, mtu anasamehewa kodi ya mshahara kule anakofanya kazi ikiwa masharti matatu yametimia kwa pamoja: hajazidi siku 183 katika miezi 12 yoyote, mwajiri si mkaazi wa nchi hiyo, na mshahara haubebwi na kituo cha biashara ulicho nacho kule. Moja likivunjika, kodi inaanza siku ya kwanza. Na kama hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili, sahau hesabu hiyo kabisa.

Eneo la ujenzi nalo linaweza kugeuka kituo cha kudumu cha kampuni yako, yaani kampuni ihesabiwe ina biashara kule na idaiwe kodi ya faida: baada ya miezi 12 kwa mfano wa OECD, miezi 6 kwa mfano wa Umoja wa Mataifa. Mpe mhasibu ratiba ya kazi kabla hujaisaini.

Hatua ya 9: Kuingia, kufanya kazi, kutoka

Kila mtu abebe nakala za karatasi. Simu huishiwa chaji kwenye foleni ya uhamiaji kuliko mahali pengine popote. Kagua na utunze ushahidi wa haki ya kufanya kazi kabla ya zamu ya kwanza. Uingereza, tangu Februari 2024, faini inafika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na haki kwa kosa la kwanza, na 60,000 kwa kurudia. Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2024, kumtumia mtu bila kibali ni dirhamu 100,000 hadi milioni moja.

Weka daftari la siku. Mwisho wa kazi, hifadhi pasi za ndege za kurudi. Ndizo zitakazokutetea msimu ujao.

Mambo yakikwama

*Viza imekataliwa.* Soma sababu iliyoandikwa, usikisie. Ikiwa ni upungufu wa nyaraka, omba upya ukiwa nazo. Ikiwa ni shaka kwamba mtu hatarudi, nyaraka za kampuni pekee hazitoshi. Onyesha ajira yake, familia, na safari alizowahi kurudi kwa wakati. Kukata rufaa kwa kazi ya wiki tatu mara nyingi huisha baada ya kazi kwisha.

*Kazi imechelewa na siku zinaisha.* Omba nyongeza kabla ya tarehe kupita, au mbadilishe mtu. Ndiyo maana orodha ya kwanza iwe na majina mawili ya akiba ambao nyaraka zao ziko tayari.

*Mgawo wa mwaka umejaa.* Usibadilishe maelezo ya kazi ili yaingie kwenye viza nyingine. Rudi hatua ya 3, hasa njia ya sita.

*Mfanyakazi ameacha au ametoroka.* Mipango mingi inamtaka mdhamini atoe taarifa ndani ya siku chache. Toa. Halafu jiulize kwa nini ameondoka, kwa sababu wakiondoka watatu kutoka nyumba moja, tatizo liko kwenye nyumba, malipo au msimamizi.

*Mkaguzi amefika na msimamizi hajui la kufanya.* Awe na jalada moja pale pale kazini: vibali, mikataba, hati za malipo, taarifa ya kutuma wafanyakazi, A1 kama inahusika. Asijibu kwa kubahatisha. Na wafanyakazi wasifundishwe la kusema. Wakifundishwa, husema vilevile wote, na mkaguzi analisikia kabla hata hajafungua jalada.